Daftari la Bohari

Tetemeko lilikaa sekunde ishirini na kitu.
Daftari langu limeingia mwezi wa tisa.

Lilikuwa la ushirika: kurasa za mwanzo ni karafuu,
pishi kwa pishi, na majina ya wachumaji,
kisha mstari mwekundu nilioupiga mimi,
kisha saruji, mchanga, mawe, boriti, misumari.
Naketi mlangoni pa bohari, hapa Wete,
na bohari lenyewe lina ufa unaopitisha paka.

Saruji iliahidiwa mifuko mia nne.
Bandarini Mkoani ilishuka mia mbili na kumi.
Hapa ilifika mia na themanini na sita.
Usiniulize barabara ilikula nini;
mie naandika kilichofika.
Thelathini ilishashika maji, imeganda kama mito ya kulalia.
Fundi Mbarouk akaichukua hata hiyo,
akaipanga kwenye msingi na karatasi zake.
"Jiwe ni jiwe," alisema, "haliulizwi limezaliwa wapi."

Mchanga upo, upo mpaka macho yanauma,
lakini wa pwani una chumvi, na chumvi hula nondo,
na wa shimoni Sheha ameufunga
kwa kuwa shimo lilishaanza kusogelea makaburi.
Boriti zimo mikandaani, zimesimama, hai,
na Khatib Shaame anazilinda kwa filimbi na ndara.
"Kateni," asema, "bahari nayo ije kutaka kiwanja.
Huyo hutamweka kwenye foleni."

Chokaa twajua kuichoma. Kuni ndizo hatuna.
Mtu mmoja, simtaji, aliitazama mikarafuu
akanyamaza.
Sote tukamsikia.

Basi kilichopo ni kilichoanguka.
Watoto wa skuli hugonga udongo kwenye mawe,
toroli likijaa naweka tiki.
Bi Mize hunyoosha misumari juu ya mizani ya karafuu,
kilo moja kwa nusu siku.
Husema msumari ni kama mtu mzima anayesemwa:
ukizidisha nyundo, unavunjika.

Jana alikuja kijana wa Limbani, Hamadi Faki,
na fomu yenye muhuri: mawe, toroli arubaini,
chumba kimoja, mke ana mimba ya miezi saba.
Nikafungua ukurasa wa vifusi.
Vyote vimetoka. Kimebaki kiwanja nambari hamsini na tatu,
"kisiguswe," kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Hamsini na tatu ni kwetu.
Ukuta wa magharibi ulimwangukia kaka yangu Suwedi
akivaa shati, mkono mmoja umo, mmoja bado.
Mawe yale nayajua. Moja lina tundu la msumari wa kalenda.
Jingine tulipimia urefu, kwa mistari ya mkaa,
wake juu ya wangu kila mwaka, ila mmoja.

Kijana hakujua. Alisimama akiikunja fomu, akiikunjua.
Nilitaka kumwambia hakuna.
Neno lenyewe fupi, na miezi hii nimewaambia
watu wenye shida kuliko yake.

Safu ya kwanza: kilichoombwa. Arubaini.
Safu ya pili: kilichopo.
Kalamu ikakaa hapo.

Nikaandika arubaini kasoro jiwe moja,
nikafuta kasoro jiwe moja.

Alfajiri nilitangulia.
Lile la mistari ya mkaa nikalibeba kwa kanga, mgongoni,
nikalisukuma chini ya meza ya bohari.
Ni wizi, najua. Nimeuandika pia,
kule mbele, kwenye ukurasa wa karafuu:
jiwe, moja, limetoka. Mpokeaji, Raya Massoud.
Pa sahihi ya mkaguzi bado peupe.

Toroli la Hamadi lina tairi bovu.
Tangu asubuhi nalisikia likienda kwetu na kurudi.
Nahesabu. Kumi na saba.